Bi Lenzi, Shemeji na Mguu wa Kumi na Tisa

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba, saa nane kamili mchana, Bi Lenzi atachomoa ukutani waya wa chuma chake cha kuchomelea risasi na hatauchomeka tena. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi mitano ya utumishi katika karakana hii, bila kukatiza, ukiondoa likizo mbili za uzazi na siku moja aliyokwenda kufungwa bandeji baada ya kujichoma kidole akimwonyesha mgeni namna ya kutojichoma.

Ofisi iliniomba ukurasa mmoja tu. Ofisi inajua kuomba. Mimi ni fundi wa meza ya pili. Nimekaa ubavuni mwa mama huyu kwa miaka ishirini na mmoja, nimeazima koleo zake zote na kurudisha baadhi, na yeyote anayedhani kuwa mambo yake yanaenea ukurasa mmoja hajawahi kumwuliza swali wakati wa chai.

Jina la Bi Lenzi tulimpa sisi, kwa ajili ya ile miwani ya kukuzia anayoifunga kichwani kwa mkanda. Akifanya kazi huishusha machoni, akimaliza huipandisha kwenye paji la uso na kuisahau huko. Ameshakwenda nayo sokoni, benki, na kwenye mahafali ya bintiye wa kwanza, ambako picha zote za familia zinamwonyesha mama mzazi mwenye macho manne, mawili yakitazama dari. Binti alinuna siku mbili. Siku ya tatu aliomba picha moja ikuzwe itundikwe sebuleni.

Sasa niseme mapema jambo ambalo wengi wenu hamlijui: sherehe hii ya kumuaga nusura isifanyike. Mpaka wiki mbili zilizopita Bi Lenzi alikuwa amekataa katakata kutia sahihi fomu ya kustaafu. Hakuwa akidai cheo wala hakuwa amekosana na mtu. Alikuwa na sharti moja tu. Hatoki mlangoni, alisema, mpaka Shemeji apate mrithi. Afisa Utumishi, ambaye bado ni mgeni kidogo hapa, alirudi ofisini kwake akashinda asubuhi nzima anapekua majalada akimtafuta mfanyakazi anayeitwa Shemeji.

Shemeji ni chipu. Ni kipande cheusi chenye miguu arobaini, urefu wa kidole, kilichomo ndani ya kaseti ya gemu iliyotengenezwa hapa hapa tulipo. Na ili mkasa wote ueleweke, hatuna budi kurudi mwanzo.

Bi Lenzi alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, cheti cha ufundi wa redio, na mkoba wenye bisibisi tatu alizopewa na mjomba wake. Siku hizo karakana ilikuwa inatengeneza kaseti za gemu, zile za plastiki, nene kama mche wa sabuni, unazozichomeka kwenye mashine iliyounganishwa na televisheni. Watoto wa enzi hizo mnakumbuka: ikigoma, unaichomoa, unaipuliza kwa mdomo, unairudisha. Bi Lenzi hajawahi kuusamehe mchezo huo. Mate yanaila shaba, na anayepuliza kaseti mbele yake anajitafutia makubwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusafisha meno ya shaba ya kila kaseti kabla haijafungwa. Wiki ya pili alimfuata mwanzilishi wa karakana, ambaye mpaka leo tunamwita Mwenyewe, akamwuliza kwa nini gemu yao ya jumba la maajabu ina vyumba kumi na viwili tu. Mwenyewe alimweleza kwa upole kwamba ubongo wa mashine ni mdogo, unaweza kuona kiasi fulani tu cha kumbukumbu, na mashine zenyewe zimeshauzwa, ziko sebuleni kwa watu, hakuna namna ya kwenda nyumba kwa nyumba kuzifungua. Jibu la yule binti lilizunguka karakana nzima kabla ya saa ya kutoka: "Mashine hatuigusi, Mzee. Lakini kaseti si yetu? Basi tumtie msaidizi mle mle ndani ya kaseti."

Huko duniani wenzetu walikuwa wameshaligundua jambo hilo. Yeye hakuwa na habari zao, alilifikia kwa miguu yake mwenyewe. Na ni jambo la ajabu ukilitafakari. Kaseti inapoingia mashineni haiingii kama karatasi ya kusomwa tu. Ina bodi, kibao chenye njia za umeme, na kupitia yale meno ya shaba inaongea na ubongo wa mashine moja kwa moja. Ukiweka chipu ya ziada kwenye bodi hiyo, mashine ya zamani inaamka asubuhi ikiwa na uwezo ambao walioiunda hawakuuota, na mwenye mashine hajafungua hata skrubu moja.

Chipu yake ya kwanza ilikuwa ya kufunua kurasa. Fikiria meza ndogo inayotosha kurasa mbili tu, na kitabu chako kina kurasa elfu. Meza haikui, lakini ukiwa na mkono wa kufunua haraka, kitabu chote kinasomeka. Chipu ile ndiyo ilikuwa mkono. Vyumba kumi na viwili vikawa mia mbili na nne, na Mwenyewe alipotea ndani ya jumba lake mwenyewe kwa muda wa chakula cha mchana akatoka akiwa amelegea kwa furaha. Baadaye alikuja na betri ndogo, ili mchezaji akizima mashine asirudi mwanzo kama mtu aliyelaaniwa. Kisha akaja na chipu ya sauti.

Hapa kuna kisa cha mayai. Mashine ile kwa asili yake ilikuwa inajua kupiga mlio kama wa kengele ya baiskeli na mwingine kama wa nyuki aliyekasirika. Chipu ya Bi Lenzi iliipa uwezo wa kutoa sauti iliyorekodiwa kweli. Gemu yetu mpya ilikuwa inaitwa Mayai Mlimani: mwanamke mmoja, toroli moja, mayai mia tatu na sitini, na milima saba ya kuteremka bila kuvunja kitu. Ilihitajika sauti ya mayai yakivunjika. Bi Lenzi hakutaka ya kuigiza. Alivunja mayai halisi mbele ya kipaza sauti siku nzima, kwenye sufuria, kwenye sinia, kwenye sakafu ya saruji, mpaka akaridhika na lile lililoanguka kwa bahati mbaya kwenye kiatu cha Mwenyewe. Wafanyakazi walikula mayai juma zima. Mlinzi wa lango, aliyeshuhudia mambo hayo, anasema mpaka leo akiona kuku anatazama pembeni.

Lakini milima ndiyo ilikuwa kazi. Profesa, mwandishi wa programu ya gemu hiyo, ambaye jina hilo alilipata kwa kuvaa tai na si kwa kusoma, alitaka mlima wote uzunguke mbele ya mchezaji, upinde, uinuke, ukusogelee. Kuzungusha mlima ni kuzidisha namba, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Ubongo wa mashine ulikuwa unajua kujumlisha na kutoa. Kuzidisha kulikuwa kunautoa kijasho. Bi Lenzi akasema sawa, atachora chipu ambayo kazi yake ni kuzidisha tu, na itakaa ndani ya kaseti.

Jina ililipata kwa shemeji wa kweli, mdogo wake mume wa Bi Lenzi, aliyekuja kutembea wiki mbili akakaa mwaka. Katika mwaka huo alikarabati paa, akajenga uzio, akawafundisha watoto hesabu na kuirudisha hai redio iliyokwisha kuzikwa stoo. Kasoro yake ilikuwa moja: alikuwa anakula. Chipu nayo ilikuwa vivyo hivyo. Inaingia nyumbani kwa watu, inafanya kazi iliyowashinda wenyeji, na inakula umeme wa watu wawili. Shemeji wa nyama na damu atakuwepo Ijumaa, na jikoni wameshaarifiwa.

Alichora mchoro wa Shemeji miezi mitatu, kwa mkono, kwenye karatasi inayopenyeza mwanga. Mchoro ukaenda kiwanda cha mbali kinachotengeneza chipu, na baada ya majuma kadhaa zikaja chipu elfu mbili, zimepangwa kwenye trei, zinameremeta, na sanduku moja la chipu za akiba. Wakachomelea ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya, na harufu. Ya tatu Bi Lenzi hakuichomelea. Alichukua mchoro wake akaubandika kwenye kioo cha dirisha, jua likapita, na hapo akaona. Nakala iliyotumwa kiwandani ilikuwa imetolewa upande wa nyuma wa karatasi. Miguu yote ya kulia ilikuwa kushoto, na ya kushoto kulia. Kosa la namna hii halimpati mwalimu wala mwoka mikate. Linampata mtu anayechora kwenye karatasi inayoonekana pande zote mbili, na aliyekuwa ametoa nakala alikuwa yeye.

Ulikuwa mwaka wake wa tatu kazini. Gemu ilikuwa imeahidiwa kwa wauzaji, maboksi yameshachapwa picha ya toroli, na karakana ya watu kumi na mmoja haikuwa na uwezo wa kuagiza chipu nyingine elfu mbili. Mwenyewe aliketi juu ya katoni. Bi Lenzi aliuchana mchoro ule vipande vipande, akavitumbukiza kwenye ndoo ya rangi, akaenda nyumbani. Amewahi kuniambia kwamba katika maisha yake hajawahi kuona aibu kama ya siku ile, na kwamba alipika chakula cha jioni bila kuwasha jiko.

Asubuhi alirudi na bawaba ya mlango. Aliing'oa kwenye kabati lake la jikoni, na mumewe, akitafuta sukari, alibaki ameshika mlango mikononi. Wazo lake lilikuwa jepesi kiasi cha kukera. Kama kitu kimegeuzwa kushoto kulia, kilaze chali. Chipu ikilala mgongo chini na miguu juu kama mende aliyekufa, kila mguu unarudi upande wake. Kinachotakiwa ni kuikunja miguu yote arobaini ielekee kinyume, iweze kuifikia bodi. Mtu aliuliza kwa nini wasiichomelee nyuma ya bodi yakaisha. Alimwonyesha kasha: nyuma hapana nafasi hata ya unene wa kucha, lisingefunga.

Chipu elfu mbili, miguu arobaini kila moja. Hiyo ni miguu elfu themanini, na bawaba ya kabati ndiyo mashine ya kukunjia, bawa moja kwa miguu ya kulia na bawa la pili kwa ya kushoto. Walifanya kazi siku kumi na mbili, watu wote kumi na mmoja, Mwenyewe na mhudumu wa ofisi wakiwemo. Tatizo lilikuwa dogo. Bawa moja lilikuwa na tundu la skrubu lililopasuka ukingoni, na mguu wa kumi na tisa ulianguka hapo kila mara ukakatika. Mguu huo ulikuwa unabeba sehemu ndogo kabisa ya jibu la hesabu, kama milimita ya mwisho kwenye rula. Bi Lenzi akaamua kwamba hakuna mchezaji atakayelia kwa milimita. Akaagiza mguu ule ukatwe makusudi kwenye kila chipu inayochomelewa, na nafasi yake iwe inafungwa kwa kipande cha waya ili isome sifuri siku zote.

Mayai Mlimani ilitoka kwa wakati. Milima ilizunguka. Waliokuwepo wanasema Mwenyewe aliposhika pedi ya kuchezea na kuona mlima wa kwanza ukimjia, aliinamisha kichwa kuukwepa, akagonga meza. Kaseti zote elfu mbili zilikwisha, karakana ikapona, na hakuna aliyelia kwa milimita.

Naruka miaka, maana chumvi imeshazidi na nafasi imekwisha. Zama za kaseti zilipita, karakana ikageuka kuwa ya kutengeneza mashine za zamani na kaseti zake, na Bi Lenzi akawa fundi mkuu. Amefundisha mafundi kumi na wanne, mimi nikiwa wa tisa kwa kufika na wa mwisho kwa kuelewa. Sheria yake ya kwanza mnaijua: kabla ya kugusa chipu, gusa bomba la maji, ili umeme wa mwilini uondoke usije ukaua kitu. Rangi ya bomba hilo ilikwisha zamani. Mkurugenzi wetu wa sasa, siku ya kwanza kuripoti, alinyoosha mkono amsalimie. Aliambiwa aguse bomba kwanza.

Miaka yote hiyo kaseti za Mayai Mlimani zilikuwa zinarudi. Shemeji anakula umeme, umeme unaleta joto, na joto la miaka thelathini haliachi kitu. Zililetwa na nesi, na mkulima wa maua, na babu aliyetaka kumwonyesha mjukuu wake kwamba hakuzaliwa mzee. Bi Lenzi alikuwa na sanduku la chipu za akiba. Alizipunguza moja moja kwa uchungu, anaikunja miguu, anailaza chali, anachomelea, anarudisha kaseti ikiwa hai. Mwezi Januari mwaka huu alifungua sanduku akakuta imebaki moja.

Kiwanda kilichozitengeneza kilishafungwa. Mchoro ulikuwa ndani ya ndoo ya rangi, miaka thelathini na moja iliyopita. Hapo ndipo aliponiita, akafunga mlango, na kuniambia kwamba akiondoka mambo yakiwa hivi, gemu ile inakufa, na itakuwa imekufa kwa sababu yeye alishindwa kuvumilia aibu ya siku moja. Hakulia. Mimi nilikaribia.

Siku hizi zipo chipu tupu za kisasa ambazo unaziandikia kazi nazo zinaitii. Tulikusudia kumwandika Shemeji upya humo. Kwa kuwa mchoro haukuwepo, tulimhoji yule wa mwisho aliyebaki sandukuni. Tunampa namba mbili, anajibu, tunaandika. Miezi minne! Bi Lenzi akikumbuka kitu anachora, akisahau tunauliza chipu. Tulijaza madaftari kumi na moja. Ofisi ilifikiri tunaandika kitabu, na kwa namna fulani ni kweli. Kufikia Septemba mrithi alikuwa tayari. Bi Lenzi alisisitiza kwamba mimi ndiye nitengeneze bodi mpya na kumchomelea, mguu kwa mguu, kwa kuwa yeye hatakuwepo. Nilichomelea miguu yote arobaini. Sijawahi kuchomelea vizuri namna ile.

Tukawasha. Mlima ukazunguka, tukapiga kelele, toroli likateremka kona ya kwanza, ya pili, na kwenye kona ya tatu likavuta kulia taratibu kama punda aliyeona majani, likatumbukia korongoni na mayai yote mia tatu na sitini. Tukarudia. Korongoni. Kwa majuma matano nilisikia sauti ya kiatu cha Mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyosikia sauti ya mke wangu. Tulikagua kila hesabu. Hesabu zote zilikuwa sahihi. Afisa Utumishi alikuja na fomu mara ya nne, akakuta sisi wawili tumekaa tunatazama televisheni iliyozimwa, akarudi nayo.

Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona Bi Lenzi amekata tamaa. Alianza kuuliza kama mtu anaweza kustaafu halafu aendelee kuja. Nilitamani kumwambia ndiyo, kwa ajili yangu, na nikaona haya kutamani hivyo.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, kwa hasira tu, alisema nimpishe, pengine mchomeleaji ndiye mbovu. Akashusha miwani, akagusa bomba, akachukua bodi mpya na chipu mpya. Alikuwa anaongea huku mikono inakwenda yenyewe, anawasema vijana wanaopuliza kaseti. Mkono wa kulia ukachukua koleo ndogo. Nikasikia tik. Mguu mmoja ulikuwa umeruka juu ya meza. Kabla sijasema neno, kipande cha waya kilikuwa kimeshafungwa mahali pake.

Nilimwuliza anafanya nini, maana habari ya mguu huo sikuwa nimewahi kuisikia. Akatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. "Mbona huu huwa naukata siku zote," alisema. Alikuwa ameukata kwenye kila chipu ya akiba aliyoichomelea kwa miaka thelathini na moja, bila kufikiri, kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Yule wa mwisho wa sandukuni hajawahi kuchomelewa, kwa hiyo miguu yake ilikuwa kamili, na sisi tulikuwa tumenakili kwa uaminifu chipu iliyo sahihi kuliko zote zilizowahi kucheza gemu ile.

Tukawasha. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Toroli likapita. Bi Lenzi akasimama. Mlima wa pili, wa tatu, mimi nikiwa nimeshika kiti kana kwamba ndicho toroli. Mlima wa saba ulipokwisha na yule mwanamke akakabidhi mayai yake mia tatu na sitini, mazima, hata moja halijapata ufa, karakana yote ilikuwa imeshajaa mlangoni, na mhudumu wa ofisi alikuwa anacheza ngoma isiyo na mdundo. Nilimkumbatia fundi mkuu wangu. Hakunikumbusha bomba.

Profesa, aliyestaafu zamani, alipigiwa simu akacheka mpaka mkewe akachukua simu kuuliza kuna nini. Kumbe siku zile za mwanzo aliona toroli linavuta kushoto kidogo, kwa sababu ya ile milimita iliyokatwa. Hakutaka kumsumbua Bi Lenzi, ambaye alikuwa ameshalia vya kutosha. Akaiandika programu ivute kulia kidogo, wakawa sawa, akanyamaza miaka thelathini na moja. Gemu nzima ilikuwa imesimama juu ya kosa lile na adabu yake Profesa.

Afisa Utumishi alikuja mara ya tano akiwa na fomu. Alipewa pedi. Alivunja mayai elfu moja na themanini kabla ya kukumbuka kilichomleta, na fomu ikatiwa sahihi juu ya televisheni ikiwa bado ya moto.

Mchoro mpya wa Shemeji sasa upo, nakala tatu, kwenye karatasi nene isiyopenyeza mwanga. Bi Lenzi aliuchora mwenyewe, siku nne, polepole, kila mguu na kazi yake. Alipofika mguu wa kumi na tisa aliuchora ukiwa umekatwa, akachora na waya wake. Pembeni aliandika kwa wino mweusi, mwandiko ule ule wa kwenye lebo zetu zote: "Hapa nilikosea, mwaka wangu wa tatu kazini. Msirekebishe." Kisha akanipa nakala ya kwanza, akapandisha miwani kwenye paji la uso, akaenda kunywa chai akiwa nayo.

Tunamshukuru mume wake kwa uvumilivu na kwa bawaba, mabinti zake kwa kutuazima mama, na shemeji yake kwa jina. Wewe Bi Lenzi, tunakuombea asubuhi zisizo na kengele, afya tele, macho yasiyochoka, na wajukuu watakaokushinda kwenye mlima wa saba. Nenda ukapumzike kwa amani ya moyo. Kosa lako liko salama mikononi mwetu.